Si kila mwongozo wa programu huria ni huria

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua nisahihishe sentensi moja. Katika makala mliyotoa kuhusu programu huria, mwandishi wenu alieleza mengi kwa ufasaha, na kwa jumla sina ugomvi naye. Ila alipokaribia kumaliza aliandika kwamba programu ikishakuwa huria, mwongozo wake nao ni huria, kisha akawahimiza wasomaji: chukueni, tafsirini, chapeni. Mimi nilichukua. Nikatafsiri. Kuchapa ndiko kulikonishinda, na kilichonishinda hakikuwa fedha wala mashine.

Mimi ni mtafsiri. Kabla ya hapo nilikuwa mpanga kurasa katika kiwanda cha uchapaji, kazi iliyoniachia tabia ya kusoma vile vijimaneno vidogo vya nyuma ya ukurasa wa jina kabla sijakisoma kitabu chenyewe. Kwa bahati mbaya, safari hii tabia hiyo ilikuwa imekwenda likizo.

Nilichagua mwongozo wa programu ninayoitumia kila siku. Programu yenyewe iko chini ya Leseni ya Umma ya GNU, ile inayojulikana kama GPL, na leseni hiyo naifahamu vizuri: tumia utakavyo, nakili, badilisha, sambaza, alimradi unayempa naye umwachie haki zilezile. Mwongozo ulikuwa ndani ya folda ileile ya msimbo, yaani yale maandishi ambayo programu imeundwa kwayo. Nikajisemea, watoto wa mama mmoja hawa, niulize nini tena? Nikaanza. Kila usiku niliopata nafasi nilikuwa nafanya ukurasa mmoja, au kurasa mbili nikiwa na nguvu, kwa miezi tisa. Kwa lile neno la Kiingereza la kitu unachoipa amri ili ikifanyie kazi, nilibadili mawazo mara nne: kigezo, kiingizwa, hoja, kigezo tena, mwishowe hoja, na kila mara ikabidi nirudi kufagia kurasa zote za nyuma.

Nilipofika ukurasa wa 143, ambao ndio wa mwisho, nikarudi mwanzo kutafsiri ukurasa wa hakimiliki. Watafsiri wengi huuacha huo mpaka mwisho kwa sababu hauna utamu. Pale nikakuta aya ya mistari saba. Ilisema unaruhusiwa kunakili, kusambaza na kubadilisha waraka huu kwa masharti ya Leseni ya GNU ya Nyaraka Huria, toleo la 1.2 au lolote litakalofuata. Mpaka hapo raha tupu. Ikaendelea: sehemu zisizobadilika ni mbili, zikatajwa kwa vichwa vyake, maneno ya jalada la mbele ni haya, maneno ya jalada la nyuma ni haya.

Sehemu zenyewe zilikuwa insha mbili za mwisho wa kitabu, kurasa 11 zikiwekwa pamoja, zinazosimulia kwa nini mradi ulianzishwa na watu wanavyoweza kuuchangia. Nilikuwa nimeshazitafsiri, tena kwa furaha, maana zilikuwa mapumziko baada ya kurasa na kurasa za amri na swichi, yale machaguo madogo yanayobadilisha namna amri inavyofanya kazi. Ndipo nikaisoma leseni kifungu kwa kifungu. Kifungu cha 8 kinaihesabu tafsiri kuwa aina ya ubadilishaji. Waraka wote waweza kuutafsiri, lakini kuondoa sehemu isiyobadilika na kuweka tafsiri mahali pake kunataka ruhusa maalumu ya wenye hakimiliki. Usipokuwa nayo, unachoruhusiwa ni kuiweka tafsiri pamoja na maandishi ya asili, na maandishi ya asili hayatoki.

Kwa hiyo kitabu changu, ambacho nimekitafsiri kwa ajili ya mtu asiyesoma Kiingereza, kingelazimika kubeba kurasa 11 za Kiingereza asizoweza kuzisoma. Na nikichapa nakala zaidi ya 100, jalada langu nalo lingebeba maneno niliyochaguliwa na mwingine. Hakuna aliyenikataza kutafsiri, hilo nalikubali. Nimewekewa tu mzigo, na waliouweka wanauona mwepesi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Niliandika kuomba ruhusa. Wenye hakimiliki walikuwa watatu. Wa kwanza alijibu siku ya pili kwa upole mwingi: kwa upande wake hana kinyongo, nifanye nitakavyo. Barua ya wa pili ilirudi na ujumbe wa mashine kwamba anwani haipo. Wa tatu hajajibu mpaka leo. Ruhusa ya mmoja kati ya watatu si ruhusa, na wale wawili sina namna nyingine ya kuwafikia.

Mhariri, nisije nikaonekana nawalaumu waliotunga leseni hiyo kana kwamba walikuwa na nia mbaya. Ilitolewa na Free Software Foundation, taasisi ya kutetea programu huria aliyoianzisha Richard Stallman mwaka 1985, na toleo lake la kwanza kutumika, la 1.1, lilitoka Machi 2000. Walikuwa na hoja ya maana. Programu bila mwongozo ni mlango bila kitasa, na wakati ule waandishi wa miongozo bora walikuwa wakiiandika kwa ajili ya wachapishaji wa kibiashara, ambao wangekuachia kila kitu isipokuwa haki ya kunakili. Leseni ile ilikusudiwa kumvuta mchapishaji huyo akubali. Ndiyo maana imejaa lugha ya kiwanda cha uchapaji, lugha niliyoitambua mara moja: jalada la mbele lisizidi maneno 5, la nyuma lisizidi 25, ukichapa zaidi ya nakala 100, toa pia faili linaloharirika kwa kompyuta au mahali pa kulipakua, na pakae wazi mwaka mmoja tangu ulipotoa nakala ya mwisho ya toleo hilo. Anayejua kazi ya vitabu ataona kwamba aliyeandika masharti haya aliwaza shehena ya karatasi. Hakuwaza mtu aliyeketi peke yake na kompyuta moja.

Sehemu zisizobadilika nazo zina mpaka wake, na ni haki nizitaje. Haziruhusiwi kuzungumzia mada yenyewe ya kitabu. Leseni inatoa mfano: kama waraka ni kitabu cha hisabati, sehemu hizo haziruhusiwi kufundisha hisabati yoyote. Zinahusu uhusiano wa mwandishi na mada, historia yake, msimamo wake wa kisheria, kifalsafa, kimaadili au kisiasa. Hoja ya Stallman ni kwamba maoni ya mtu si chombo cha kazi. Huna haja ya kuyarekebisha ili kazi yako iende. Hilo nalielewa. Mimi mwenyewe nisingependa mtu aichukue barua hii akabadilisha sentensi mbili na kuliacha jina langu chini. Lakini kunizuia nisikusemee usilosema ni jambo moja, na kunilazimisha nikubebe kila niendako ni jingine. La kwanza lingetimizwa kwa sharti jepesi tu: ukibadilisha, sema umebadilisha, na usinitie maneno mdomoni.

Hapa ndipo wanapoingia Debian, mradi wa watu wa kujitolea wanaotengeneza mfumo wa kuendeshea kompyuta kwa programu huria, ambao makala yenu haikuwataja kabisa. Mradi huo ulianzishwa mwaka 1993 na Ian Murdock, na kwa mwaka mmoja, kati ya 1994 na 1995, ulifadhiliwa na taasisi hiyohiyo ya Stallman. Mwaka 1997 waliandika Mkataba wa Kijamii pamoja na kanuni 10 za kupimia kama programu ni huria. Kanuni hizo ndizo zilizozaa, karibu neno kwa neno, ufafanuzi wa programu za chanzo wazi unaotumika hadi leo. Ya tatu ni fupi mno: leseni lazima iruhusu mabadiliko na kazi zitokanazo, na iruhusu zisambazwe kwa masharti yaleyale ya kazi ya asili. Haisemi mabadiliko ya kurasa 132 kati ya 143.

Kwa miaka kadhaa watu walibishana kama kanuni hizo zinaihusu miongozo, kwa kuwa mkataba ulisema Debian itabaki kuwa programu huria kwa asilimia 100, na kitabu si programu. Mwaka 2004 wakapiga kura kuyarekebisha maneno ya mkataba, na neno moja likaondoka. Sasa mkataba unasema Debian itabaki huria kwa asilimia 100, nukta. Kuondoka kwa neno "programu" kuliingiza kila kitu ndani ya kipimo: miongozo, picha, fonti, sauti. Baadhi ya wenzao walishtuka walipong'amua wamepigia kura nini, ikabidi ipigwe kura nyingine ya kuahirisha utekelezaji ili toleo lililokuwa linaandaliwa litoke kwanza. Toleo hilo, la 3.1, lilitoka Juni 2005.

Machi 2006 wakaikabili leseni ya nyaraka yenyewe. Uamuzi wao ulikuwa wa katikati, na ndio unaofaa wasomaji wenu waujue: mwongozo ulio chini ya leseni hiyo na usio na sehemu yoyote isiyobadilika wala maneno ya jalada ni huria, ulio navyo si huria. Kwa hiyo jina la leseni peke yake halikuambii kitu. Inakubidi usome ile aya ya ukurasa wa hakimiliki, ile niliyoiruka mimi.

Matokeo yake yalikuwa kichekesho cha aina yake. Mwongozo wa Emacs, kihariri kilichoandikwa na Stallman mwenyewe, una Ilani ya GNU ya mwaka 1985 kama sehemu isiyobadilika. Ilani hiyo ndiyo iliyotangaza kwa marefu kwa nini programu ziwe huru. Kwa sababu yake, mwongozo ukatolewa kwenye hazina kuu ya Debian na kupelekwa kwenye tawi la vitu visivyo huria, kando ya programu zilizofungwa na wenye nazo. Mwongozo wa GCC, kikusanyaji cha msimbo kilichojenga nusu ya vitu tunavyotumia, ulifuata njia hiyohiyo. Anayesakinisha Debian na kuishia kwenye hazina kuu anapata Emacs bila kitabu chake.

Wapo wanaosema Debian walizidisha. Kitabu ni kitabu, mashine ni mashine, kwa nini vipimwe kwa mizani moja? Nilikuwa na mawazo hayohayo, mpaka nilipokutana na swichi moja.

Mwongozo niliokuwa natafsiri ulisema swichi hiyo hufuta mistari mitupu. Niliijaribu. Haifuti. Inachofanya ni kwamba ikikuta mistari mitupu kadhaa imefuatana, huibana ikabaki mmoja. Nikaangalia ujumbe wa msaada unaotokea kwenye skrini ukiiuliza programu yenyewe: umeandikwa sawasawa. Nikafungua msimbo: juu ya kile kipande kinachofanya kazi hiyo pana maelezo ya mistari mitatu, nayo sahihi, tena yameandikwa vizuri kuliko yote. Swichi moja, maelezo matatu, mawili ya kweli na moja la uongo. Mtu mwenye akili timamu angefanya nini? Angechukua ile mistari mitatu kutoka kwenye msimbo na kuiweka kwenye mwongozo.

Hairuhusiwi. Msimbo uko chini ya GPL, na GPL inataka kitakachotokana nao kibaki chini ya GPL. Mwongozo uko chini ya leseni ya nyaraka, nayo inadai vivyo hivyo kwa upande wake. Leseni mbili za taasisi moja, kila moja imekaza kamba, na sentensi haiwezi kuvuka. Mwenye hakimiliki aweza kuivusha, kwa kuwa vyote ni vyake. Mimi siwezi, wewe huwezi. Wala si mimi peke yangu niliyekwama hapo. Mwaka 2010 watengenezaji wa GCC walilijadili hadharani: walitaka maelezo yaliyomo kwenye msimbo yatolewe moja kwa moja yawe kurasa za mwongozo, na leseni zikawawekea ukuta. Nikiwa na swichi yangu niliona wazi kwamba mpaka kati ya programu na waraka haupo kwenye vitu vyenyewe. Umechorwa na leseni. Sentensi ileile ni programu ikiwa kwenye msimbo, na ni waraka ikiwa kwenye kitabu.

Kingine nilichokigundua kinahusu vitu vidogo. Rafiki zangu wanaojifunza programu hii waliniomba karatasi moja tu ya amri za kila siku, mbele na nyuma, ya kubandika ukutani. Kuichomoa kwenye mwongozo ni kazi ya jioni moja. Lakini karatasi hiyo ni kazi itokanayo na mwongozo, kwa hiyo hubeba sehemu zisizobadilika zote, na maandishi kamili ya leseni, ambayo yenyewe ni kurasa kadhaa. Karatasi moja ya amri, na nyuma yake kijitabu kizima cha mambo mengine. Hapo ndipo nilipocheka kwa mara ya kwanza tangu nianze mkasa huu.

Tena mzigo huo haupungui, waweza tu kuongezeka. Leseni inamruhusu anayebadilisha mwongozo aongeze insha zake mwenyewe na kuzitangaza kuwa hazibadiliki, mradi zitimize lile sharti la kutozungumzia mada. Hata mwongozo uliozaliwa bila sehemu hizo waweza kuzipata njiani. Fikiria kitabu kilichopita mikono minane, kila mmoja ameacha hotuba yake ndani, na wa tisa hana haki ya kung'oa hata moja. Insha nazo huzeeka. Zinataja anwani ya ofisi iliyokwisha kuhama, zinaeleza hali ya miaka 20 iliyopita kana kwamba ni leo, nawe umekatazwa kugusa nukta.

Kuna lawama nyingine dhidi ya leseni hii ambazo mimi sizipi uzito. Kwa mfano, inakataza kutumia mbinu za kiufundi kuzuia usomaji au unakiliji wa nakala unazotengeneza au kusambaza. Waliokusudiwa ni wanaofunga vitabu vya kidijitali kwa kufuli. Lakini wapo waliosoma maneno hayo kwa ukali wakasema basi hata kulifunga faili kwenye kompyuta yako kwa nywila ni kuvunja leseni. Kwa herufi tupu huenda wana hoja. Kwa akili ya kawaida, sioni mahakama itakayohangaika na hilo, na uamuzi wa Debian wa 2006 haukuona hilo kuwa kikwazo.

Asiyeamini kwamba leseni hii ilibana aangalie Wikipedia. Ilianza mwaka 2001 chini ya leseni hiyohiyo, na Wikipedia ya Kiswahili iliyofuata mwaka 2003 ilikuwa chini yake pia. Ulipochapa makala moja ya nusu ukurasa umgawie mtu, ilikuwa sharti uambatishe leseni nzima. Walipotaka kuhama, hawakuweza kuwatafuta maelfu ya waandishi kuwaomba ruhusa mmoja mmoja, jambo ambalo mimi na waandishi wangu watatu tunalielewa sana. Ikabidi taasisi ya Stallman itoe toleo jipya, la 1.3, Novemba 2008, lenye kifungu cha pekee cha kufungua mlango kwa tovuti za aina ile, na mlango huo ukafungwa tarehe 1 Agosti 2009. Wikipedia ilipita Juni mwaka huo. Miongozo ya kawaida haikupewa mlango.

Walikohamia ni leseni za Creative Commons, familia ya leseni za maandishi, picha na kazi nyingine za ubunifu, na hapa nako makala yenu iliziweka zote kwenye kapu moja. Zile zinazokataza matumizi ya kibiashara haziingii kwenye kanuni za Debian, kwa sababu kanuni ya sita inakataza kubagua shughuli: mwenye duka na mwalimu ni sawa. Zile zinazokataza kazi zitokanazo ndiyo kabisa, hata tafsiri huwezi kuisambaza. Ile inayodai tu umtaje mwandishi, na ile inayoongeza kwamba ushiriki kwa masharti yaleyale, hizo kuanzia toleo la 3.0 zinapita. Na hiyo ya kushiriki, toleo la 4.0 la mwaka 2013, tangu 2015 imeruhusiwa kuvuka kwenda kwenye GPL toleo la 3, ingawa kwenda tu, kurudi hakuna. Mwongozo ulio chini yake unaweza kutoa sentensi iingie kwenye msimbo. Ni zaidi ya nilichonacho mimi.

Nimewatetea sana Debian, sasa niwaseme. Mwaka 2022 walipiga kura kuruhusu programu za maunzi zisizo huria, yaani zile faili zilizofungwa ambazo kadi ya mtandao au ya picha haiwaki bila hizo, ziwekwe kwenye diski rasmi ya usakinishaji. Toleo la 12, la Juni 2023, likatoka hivyo. Sababu yao ilikuwa ya kibinadamu: mtu anasakinisha, mtandao haufanyi kazi, afanyeje? Nakubali. Lakini matokeo yake ni kwamba faili la tarakimu tupu, ambalo hakuna anayeruhusiwa hata kulichungulia ndani, limepata kiti kwenye diski, na mwongozo wa Emacs, ambao asilimia kubwa ya kurasa zake waweza kuzibadilisha upendavyo, umebaki nje. Asiye na mtandao anahitaji kitabu pengine kuliko kadi. Sisemi kitabu kiitwe huria, kipimo kisilegezwe. Nasema tu kwamba waliotafuta njia ya kumsaidia mwenye kadi wangeweza kumtafutia njia msomaji pia.

Na kabla sijaandikiwa na msomaji mjanja: ndiyo, maandishi ya leseni zenyewe, GPL ikiwemo, hayaruhusiwi kubadilishwa, na Debian huyasambaza bila kulalamika. Hilo wamelikubali kwa sababu leseni ni hati ya makubaliano inayoandamana na kazi. Si jibu linaloniridhisha kikamilifu, lakini sijaona lililo bora.

Basi nimefanyaje? Insha mbili nimeziweka kando. Ile karatasi ya ukutani nimeiandika upya kutoka kichwani, nikiwa nimekaa mbele ya programu na kuijaribu swichi moja baada ya nyingine, mwongozo ukiwa umefungwa, kisha nikaiweka chini ya GPL ileile ya programu. Watu hudhani GPL ni ya msimbo tu. Kitabu nacho chaweza kuwekwa chini yake, na waandishi wa miongozo wangefanya hivyo tokea mwanzo tusingefika huku. Katika karatasi yangu swichi ya mistari mitupu imeelezwa kwa ile mistari mitatu ya kwenye msimbo, niliyoitafsiri bila kuiba wala kuomba.

Ninachoomba kwenu ni kidogo. Ile sentensi isahihishwe, na wasomaji walioichukua kama ilivyo waambiwe wafungue kwanza ukurasa wa hakimiliki na watafute maneno yasemayo kwamba hakuna sehemu zisizobadilika, hakuna maneno ya jalada la mbele, hakuna maneno ya jalada la nyuma. Yakiwepo yote matatu, watafsiri na kuchapa kwa amani. Yasipokuwepo, waandike kuomba ruhusa kabla ya ukurasa wa kwanza.

Kurasa 143 bado ninazo kwenye faili. Kila mwezi nachungulia kama yule wa tatu amejibu.

Wenu,
Mtafsiri, msomaji wenu wa siku nyingi